Zilibaki Sita

Walimu wenzangu wa idara ya hesabu,

Mliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi, mziweke kwenye kabati la idara pamoja na mitihani ya zamani. Kabati hilo nalijua kuliko mnavyodhani, na nitalirudia. Kuhusu vyeo sina la kusema. Vilikuja vilipokuja, na karatasi zake ziko ofisini. Nitaandika kuhusu namba moja, kwa sababu ilinifuata kuanzia mwaka wangu wa kwanza mpaka siku mliyonikatia keki, na kwa sababu mlichokiamini juu yake siku ile si kweli.

Nilifika shuleni kwetu Kansanga nikiwa na rula ya mbao na suruali mbili, moja ikiwa ya Ijumaa. Shule ilikuwa majengo matatu ya matofali, juu kidogo ya barabara ya Ggaba. Upande mmoja tulisikia seremala, upande wa pili baa iliyofungulia muziki saa nne asubuhi. Wanafunzi walikuwa watoto wa wafanyabiashara wa Kenya, watoto wa Kikongo, Waganda wa mtaani, na Wanubi wachache kama mimi. Kwenye ratiba tulifundisha kwa Kiingereza. Somo lilipogoma kuingia tuliligeuza kwa Kiswahili, na lilipogoma kabisa mtoto mmoja alimnong'onezea mwenzake kwa Kiganda, na hapo ndipo lilipoingia.

Siku yangu ya kwanza nilisahihisha madaftari ya kugawanya. Msichana mmoja kutoka Bukavu alikuwa ameandika kigawanyo upande wa kulia, jibu chini yake, na mistari mahali ambapo sijawahi kuiona. Nikapiga mkwaju mwekundu ukurasa mzima. Mkuu wa idara, Mzee Mbaruku, alipita nyuma yangu, akalichukua lile daftari, akalisoma akiwa amesimama.

"Umemkosesha nini huyu?"

"Amegawanya kinyume, Mzee."

"Jibu lake ni ngapi?"

Nikaangalia. "Ni sahihi."

"La pili?"

"Sahihi pia."

"Basi aliyegawanya kinyume ni wewe," akasema, akanirudishia daftari. Hivyo ndivyo watoto wa Kongo wanavyofundishwa kugawanya kwao. Nawaambia hili kwa sababu bado mnawapokea, na bado mnawakosesha. Nimeona.

Mzee Mbaruku alitoka Tabora. Alikuwa amefundisha hesabu kwa Kiswahili miaka mingi kabla ya kuoa Kampala, na maneno yake ya darasani hayakuwa yetu. Namba ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe, yeye aliiita namba tasa. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja: hizo ni tasa. Sita si tasa, ina mbili na tatu ndani yake. Sisi Wanubi tasa tunalijua kama neno la mwanamke asiyezaa, na mara ya kwanza nililisikia darasani nikacheka. Mzee hakucheka. Kwake lilikuwa neno la kazi, kama mwashi anavyosema tofali.

Alikuwa na desturi moja. Kila mwalimu mpya wa hesabu alipewa namba ya kuingilia. Unapewa namba kubwa, daftari jipya la mistari na kalamu nyekundu, na unatakiwa umwambie kama ni tasa au si tasa. Mashine ya hesabu hairuhusiwi. Muda hupangiwi. Mimi nilipewa moja saba: 1,111,111.

Anayejua kazi hii anajua njia. Huhitaji kujaribu kila namba. Unajaribu zile tasa tu, moja baada ya nyingine, mpaka ufike pale ambapo namba ikijizidisha yenyewe inaipita ile unayoichunguza. Kwa moja saba, mwisho huo ni 1,054. Zipo namba tasa mia moja sabini na saba mpaka hapo. Ukizimaliza zote na kila moja ikaacha baki, ndipo una haki ya kusema tasa. Mzee aliliweka kwa maneno machache: "Kugawanya ni kuuliza. Ukiuliza mia na sabini na sita, bado hujauliza."

Namba hiyo ilinilaghai tangu ukurasa wa kwanza. Igawanye kwa mbili, inabaki moja. Kwa tatu, inabaki moja. Kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu: moja, moja, moja, moja. Kumi na saba ikabakisha nane, na nikakasirika kama aliyeharibiwa shairi. Lakini thelathini na saba ikarudisha moja tena, na tangu hapo moyoni nilishajua jibu. Niliendelea jioni tatu, baada ya masomo, kwenye dawati la nyuma. Ijumaa moja nilifika 199. Ikabaki tisini na nne. Adhana ya alasiri ikasikika, vidole vilikuwa vyekundu kwa wino, na zilikuwa zimebaki zaidi ya namba mia moja na thelathini. Nikapiga mstari chini ya 199, nikaandika TASA kwa herufi kubwa, nikaenda kuswali.

Niliswali vizuri. Hilo nalo nalikumbuka.

Jumatatu nikampelekea Mzee jibu. Hakulifungua daftari. Aliniuliza neno moja tu: "Umefika?"

"Nimefika."

Akanitazama kwa muda ambao sasa najua maana yake. Kisha akasema, "Haya. Ni tasa kwa neno lako." Mwisho wa mwaka akarudi Tabora na mkewe, na sikumwona tena.

Mwaka uliofuata nikaitangaza. Kulikuwa na mchoraji wa Kabalagala aliyepaka mabango ya baa, nikamwomba aandike ile namba kwenye ukuta wa nyuma wa darasa langu: 1,111,111, na chini yake NAMBA TASA. Alizichora tarakimu kama chupa saba zilizopangwa kwenye kaunta, zikiwa na vivuli, na kwa mazoea akaweka povu juu ya ile ya mwisho. Ilibidi tulikwangue. Wanafunzi waliipenda. Niliwaambia nimejaribu kila njia, haigawanyiki. Kila mwaka nilisema hivyo, na kila mwaka lilinitoka kwa wepesi zaidi.

Sasa ninafika kwa mwalimu mwenzangu mmoja. Nitamwita Nekesa, jina ambalo si lake. Kwa nini nimefanya hivyo itajulikana mwishoni. Alikuwa Mkenya, wa Bungoma, akifundisha jiografia. Mumewe aliuza vipuri vya magari mjini. Alikuwa mtu wa mpangilio: ramani zake alizikunja kwa mikunjo ileile, na kila mkunjo aliuandika namba. Mama yangu alipolazwa alinishikia vipindi wiki mbili bila kuombwa, na niliporudi nikakuta amesahihisha hata mazoezi, kwa penseli, ili nikitaka nifute. Mwezi wa Ramadhani alibeba kikombe chake cha chai akaenda kunywea nje, chini ya ukingo wa paa, mvua isinyeshe, inyeshe. Alikuwa ameolewa miaka minane na hakuwa na mtoto. Hakuna aliyemuuliza, na kila mtu alijua.

Siku yenyewe ilikuwa mapumziko ya saa nne, chumba cha walimu kimejaa. Ssali, mwalimu wa kemia, Mganda mwenye sauti ya mnadani, alikuwa ametoka kusimamia mtihani darasani kwangu na ameutazama ule ukuta kwa saa mbili.

"Marjan, ssebo, ile namba yako. Nti ni tasa. Tasa ndiyo nini?"

"Haizai. Haina kitu ndani."

"Banange! Nti mugumba?" Chumba kikacheka. "Namba nayo inakuwa mugumba? Sasa wewe ulijua namna gani? Ulienda nayo kwa daktari?"

Walicheka tena, na mimi nilikuwa na kikombe mkononi na watu kumi na wawili wakinitazama wakisubiri. Nataka muelewe kwamba sikukasirika, sikuchokozwa, sikuteleza ulimi. Nilichagua. Nilisema, "Ni kama Madam Nekesa. Umejaribu kila njia, bado inabaki moja."

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuvipata chumbani mle. Ssali aliweka kikombe chini asimwage. Kisha kikakatika upande wa mlangoni, kikaendelea kukatika kuja ndani, meza moja baada ya nyingine, na nikageuka.

Nekesa alikuwa amesimama mlangoni na ramani ya Afrika Mashariki chini ya kwapa.

"Endeleeni," akasema. "Nimekuja kuchukua chaki tu."

Akachukua chaki, akatoka. Nilijiambia huenda hakusikia. Ni jambo la ajabu jinsi mwalimu wa hesabu anavyoweza kuamini jambo kwa muda wa saa nzima.

Chumba cha walimu hakina siri. Kuna wanafunzi wanaoleta madaftari, kuna wanaokuja kuchukua kengele. Ndani ya wiki moja walikuwa wamempa jina. Hawakumwita Tasa, watoto wana aibu zao. Walimwita Baki. "Baki anakuja." "Baki ametoa zoezi." Nilikuwa nimewafundisha mimi neno hilo, na walilitumia barabara. Niliwasikia. Mara moja niliwafokea, lakini kwa sababu ya kelele zao, si kwa ajili ya jina lenyewe.

Baada ya majuma matatu hivi alikuja darasani kwangu katika kipindi ambacho sikuwa na somo. Aliketi dawati la nyuma, chini ya ule ukuta, kwa hiyo nikimtazama yeye niliiona na namba.

"Mwalimu Marjan, uko na dakika?"

"Karibu, Madam."

"Hiyo namba ulijaribu mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Mwisho ni ngapi?"

"Elfu moja hamsini na nne," nikasema haraka, kwa kuwa hilo nililijua.

"Zote?"

"Zote."

"Mimi ni mtu wa ramani," akasema. "Mtu akiniambia barabara imeisha, nauliza nani alifika huko. Uko na karatasi ya hiyo hesabu?"

"Iko nyumbani." Ilikuwa kwenye kabati, hatua mbili kutoka mgongoni kwangu, na niliposema hivyo niligeuka kidogo kulitazama.

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kile ambacho kicheko changu kilikuwa kimefanya. Mpwa wa mumewe, binti wa kidato cha pili, alisoma shuleni kwetu. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kenya, na safari hiyo haikuwa ya kusalimia. Ilikuwa ya kuzungumza na mwanawe kuhusu kuoa mke mwingine. Mume alikuwa bado anakataa. Walipokuwa mezani yule binti akamwita shangazi yake Baki, bila kufikiri, kama anavyoitwa shuleni. Bibi akauliza ndiyo jina gani. Na binti, ambaye nilikuwa nimemfundisha vizuri, akaeleza. Akaeleza namba tasa. Akaeleza baki. Akasema ni Mwalimu Marjan aliyesema.

"Unajua mama mkwe aliambia mume wangu nini?" Nekesa akauliza. "Alimwambia: hata walimu wamepiga hesabu. Wewe bado unangoja nini?"

Nilianza kupanga chaki mezani.

"Yeye alikuwa anasema tungoje. Mimi pia nilikuwa nasema tungoje. Hatujamaliza kwenda hospitali. Kuna daktari wa Nakasero, alitupatia tarehe." Akainuka, akaupangusa vumbi mkono wake wa gauni. "Sasa anasema, ya nini."

Nilisema samahani. Niliisema vile watu wanavyoisema wanapotaka mwenzao aondoke. Akaniangalia, kisha akaangalia juu, kwenye ukuta.

"Wewe uko sure ni tasa?"

"Niko sure."

"Sawa," akasema, akaondoka.

Muhula ulipofungwa naye akaacha kazi. Mwalimu mkuu alisema amepata shule karibu na Mukono. Hatukumfanyia sherehe, alikuwa ameomba isifanyike. Kuhusu mumewe, Ssali aliniambia baadaye kwamba mke wa pili aliletwa mwaka huohuo. Ssali alikuwa akiniambia kama habari. Aliponiona uso akanyamaza, na tangu siku hiyo, namheshimu kwa hili, hakutaja tena namba wala mugumba mbele yangu.

Muhula mpya ulipoanza nilifungua kabati kutafuta karatasi za grafu, na daftari langu la kuingilia halikuwa mahali pake. Lilikuwa juu ya rundo, mahali pa kuonekana. Nikamuuliza Ssali, aliyekuwa na ufunguo wa akiba wa kabati. "Madam aliomba ufunguo siku ya kufunga," akasema. "Alisema anarudisha kitu."

Nilifunga mlango kabla ya kulifungua. Kurasa zangu zilikuwa kama nilivyoziacha, nyekundu, na mwandiko ukizidi kulegea kadiri namba zilivyozidi kukua. Nikafika kwenye 199, baki tisini na nne, mstari, na lile neno langu kwa herufi kubwa. Chini ya mstari, kwa wino wa bluu na mwandiko wa mtu anayeandika majina ya mito, kazi ilikuwa imeendelezwa.

Kwa 211, inabaki 196.
Kwa 223, inabaki 125.
Kwa 227, inabaki 173.
Kwa 229, inabaki 3.
Kwa 233, inabaki 167.
Kwa 239, inaingia mara 4,649. Haibaki kitu.

Na chini ya hapo: "Mwalimu, uliacha njiani. Zilibaki sita."

Hapakuwa na neno lingine. Alikuwa mwalimu wa jiografia. Kalamu yake ilikuwa imefanya kazi ya, nakisia, nusu saa.

Nilifanya hesabu mwenyewe, mara mbili, kisha mara ya tatu kwa mashine. 239 mara 4,649 ni 1,111,111. Nikaichunguza 4,649, ambayo haihitaji kwenda mbali, inatosha kufika 67, na hiyo ndiyo tasa kweli. Namba yangu ilikuwa na wawili ndani yake tangu siku ile tulipolikwangua povu. Nilikuwa nimemfananisha mwanamke na namba, na nilikuwa nimemwongopea hata huo mfano.

Sasa nawaambia nilichofanya, ndicho kilichonifanya nikubali kuandika. Ningeweza kwenda Mukono siku ileile, si mbali. Ningeweza kuita darasa la kidato cha pili, pamoja na yule binti, nikawaonyesha kurasa zile, nikasema nani amezimaliza. Binti angelibeba hilo nyumbani kama alivyolibeba lile la kwanza. Badala yake niliita vijana wanne wa kidato cha sita, nikawaambia ukuta wa nyuma una unyevu, tukalisogeza kabati likaufunika. Kabati lenu. Nililiacha hapo mpaka nilipostaafu, na daftari ndani yake, chini ya mitihani ambayo hakuna anayeirudia. Kila fundi alipokuja kupaka rangi nilisema kabati lisiguswe, ni zito.

Nilifundisha namba tasa kila mwaka. Niliacha kusema tasa. Nikasema kwa Kiingereza tu. Mwanafunzi aliyekimbilia jibu nilimuuliza, "Umefika?" na wengi wenu mlichukua neno hilo kwangu, nimewasikia mkilisema, na mnasema ni la Mwalimu Marjan. Ni la Mzee Mbaruku. Mimi ndiye niliyeulizwa.

Halafu ikaja keki. Mlitaka kunifurahisha, na mlifanya kazi kubwa: mkasogeza kabati, mkaikuta namba, mkamuuliza Ssali aliyekwisha kustaafu, naye, nadhani kwa kukosa la kusema, akawaambia ndiyo iliyokuwa namba yangu. Mkaipaka rangi upya. Mkaandika jina langu chini yake. Nikaingia na mke wangu, na moja saba zikaning'aria ukutani na mezani, za rangi na za sukari. Mwalimu Tendo, mkuu wa idara wa sasa, akanikabidhi kisu.

"Mwalimu, leo ndiyo siku ya kuigawanya isiyogawanyika!"

Mkapiga makofi. Nilisimama na kisu. Nilifikiri: ni sasa. Nikakiweka chini, nikaomba chaki, nikaenda ukutani nikaandika chini ya jina langu: 239 × 4,649. Nikageuka kuwaambia.

Tendo alikuwa na simu mkononi. Akabonyeza, akainua macho, na uso wake ukafunguka. "Haki ya Mungu, inagawanyika! Mwalimu alituficha miaka yote hii! Ametutega!"

Mkalipuka. Mkapiga meza. Mmoja wenu akasema huo ndio ualimu, kuacha fumbo mpaka siku ya mwisho. Nilisema, "Si mimi, si mimi niliye—" na mkacheka zaidi, mkadhani ni unyenyekevu. Mke wangu alinishika mkono, akaniambia nikate keki, watu wana njaa. Nikakata. Nikala kipande chenye tarakimu mbili.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepewa sifa kwa ile nusu saa ya Nekesa. Wiki iliyofuata nikamtafuta Ssali, akapata namba ya simu kwa mtu aliyemfahamu mtu. Nilipiga asubuhi. Ilipokelewa haraka.

"Nani?"

"Madam, ni Marjan. Wa Kansanga."

"Marjan wa namba?"

"Ndiyo."

"Habari ya miaka mingi." Sauti ilikuwa ileile, ya mtu anayekunja ramani.

Nilimweleza keki, na ukuta, na makofi. Nilimwambia nataka jina lake liandikwe pale, mahali pa langu, kubwa, na kwamba nitawaandikia walimu wote niwaambie ni yeye.

"Jina langu usiandike," akasema. "Lilishakaa kwenye huo ukuta. Inatosha. Hesabu iache, hesabu si ya mtu."

"Basi nitawaandikia bila jina."

"Hiyo ni shauri yako."

Nikamwomba radhi. Safari hii niliisema polepole, nikaitaja kazi yenyewe: maneno niliyosema, uongo wa daftari, kabati. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye kabati, akanikatiza.

"Ngoja. Lile daftari ulilifungua lini?"

"Muhula ulipoanza. Ule uliofuata."

"Huo mwaka?"

"Wiki ya kwanza."

Nilisikia mahali alipo, jogoo, na mtu akifagia. Sikumuuliza kuhusu mumewe wala kuhusu watoto, na nyinyi msiniulize. Si hesabu yetu, na haikuwa yetu siku ile.

"Mimi nilikuwa naambia watu wewe si mtu mbaya," akasema mwishowe. "Nilikuwa nasema, yule hakuwahi kufungua. Angefungua, angekuja."

Kisha akaniambia ana mahindi kwenye moto, akakata simu.

Hizi ndizo kurasa mlizoniomba. Tafadhali mmoja wenu apande juu ya kiti, alifute jina la MWALIMU MARJAN pale ukutani. Hesabu muiache. Na kabati msilirudishe.